Pafu la Saa Nne

"Pafu lako linavuta sigara," alisema Chilongani, macho yakiwa bado kwenye kioo cha michoro.

Kalunde alikuwa kwenye kiti cha malezi, kinyago cha mpira kimembana pua na mdomo. Bomba lilitoka kwenye kinyago, likapita kwenye chujio, likaingia ndani ya tangi la kioo lililokuwa mbele yake. Humo tangini, katika maji mazito ya rangi ya uji wa ulezi, pafu lilikuwa likipanda na kushuka pamoja naye. Akivuta, nalo linavuta. Akishusha, nalo linashusha. Walikuwa wameishi hivyo siku thelathini na nane, saa sita kila siku ya kazi, na wakati mwingine akiwa nyumbani alijikuta anapumua taratibu bila sababu, kana kwamba kuna mtu anamfuatisha.

Aliposikia maneno yale moyo ulimruka. Pafu nalo likaruka.

"Ona! Limeshtuka!" Chilongani akacheka hadi kiti kikalia. "Linajua limekamatwa. Nyie Wanyamwezi bwana, hata pafu changa mnalitwisha mzigo."

Kalunde alivua kinyago. Ilimpasa ajibu, tena upesi, maana mtani asipojibu ndipo watu huanza kuuliza kulikoni.

"Nyamaza, Mgogo wewe. Ungekuwa wewe ndiye mlezi, pafu lingetoka humu limenyoosha mkono linaomba unga."

Chilongani alipiga meza kwa furaha. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka minane katika Bani Namba Saba, yeye fundi wa michoro, Kalunde mlezi. Babu zao walitaniana tangu enzi za misafara, na wao hawakuona sababu ya kuacha. Mtani anaweza kukuambia lolote, hata msibani, na ukikasirika aibu ni yako.

"Haya, utani kando. Njoo uone kitu." Alivuta mchoro wa wiki tano ukajaa kioo kizima. "Hapa, kila siku saa nne asubuhi. Pumzi zinakuwa fupi fupi, halafu linavuta moja ndefu, polepole, kama mtu anayenyonya mrija. Na hapa, Jumamosi tu, saa tisa alasiri. Hii ni fupi. Linavuta, linasimama, linahesabu moja mbili tatu, ndipo linaachia. Sijawahi kuona pafu lenye michezo miwili. Wewe saa nne huwa unafanya nini?"

"Nakunywa chai."

"Basi ndiyo hiyo. Linataka chai na chapati." Akafunga mchoro. "Mgonjwa wake atakuwa mnene huyo."

Kalunde alicheka kwa sauti, kicheko kirefu kuliko kilichohitajika. Kisha akaenda chooni, akafunga mlango, akakaa juu ya mfuniko na kuziba mdomo kwa kiganja. Aliogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa.

* * *

Zamani bani lile lilikuwa la kukaushia tumbaku, kama mabani yote ya upande ule wa Tabora. Wakulima walipoacha zao hilo, madaktari waliokuwa wakiotesha mapafu walikuja kuyaomba majengo, kwa kuwa hakuna mahali pengine nchini palipojengwa kwa ajili ya kutunza joto na unyevu ule ule wiki hadi wiki. Wakachukua na watu. Kalunde alikulia kwenye mabani. Baba yake aliweza kutia mkono mlangoni akakuambia joto limezidi nyuzi mbili.

Kuotesha pafu hakukuwa na taabu sana. Mbegu ilitolewa kwa mgonjwa mwenyewe, na kwa miezi mitatu nyama ilikuwa tayari. Taabu ilikuwa kulifunza. Mwanzoni walilifunza kwa mashine, na mashine hupumua kwa kipimo kimoja kuanzia asubuhi hadi asubuhi. Mapafu yale yalipowekwa vifuani yalifanya kazi vizuri mpaka siku mgonjwa alipocheka, au alipopokea simu ya msiba. Hapo pafu lilishindwa kufuata, likasimama. Ndipo ikaonekana kwamba pafu lazima lilelewe na mtu anayekohoa, anayepiga miayo, anayekasirika na kupoa. Siku arobaini. Watu wakawaita walezi, na heshima yao ikawa kubwa mtaani.

Lakini pafu huchukua kila kitu. Katika mafunzo waliambiwa habari za fundi cherehani mmoja wa Kaliua ambaye hakuwahi kushika sigara maishani. Mlezi wake alikuwa akivuta kwa siri. Fundi yule aliamka siku ya tatu baada ya upasuaji, na kabla hajamwuliza mkewe habari za watoto, akaomba sigara. Baada ya mwaka alikuwa na sigara ya mvuke kiwandani, kwa kuwa moshi ulikatazwa pale, na sigara ya kawaida nyumbani. Mwaka wa pili walimzika.

Kwa hiyo mlangoni waliweka kipimo cha pumzi kilichonusa moshi, na kila asubuhi sauti iliuliza: "Je, jana ulivuta sigara?"

Kalunde hakuwahi kuidanganya ile sauti, na hilo ndilo lililompa usingizi muda wote huo. Aliacha sigara miaka sita iliyopita kwa msaada wa vepu, kijiti chembamba chenye harufu ya nanasi, na vepu haina moshi, ni mvuke. Kipimo hakikuiona. Saa nne alikwenda nayo chooni, akavuta mara mbili tatu, akarudi. Hiyo si sigara. Sigara ilikuwa ya Jumamosi jioni tu. Mumewe, Mihambo, alikuwa dereva wa treni ya mizigo na alifika nyumbani siku hiyo moja. Walikaa barazani, wakawasha moja, wakapokezana. Hapo ndipo Mihambo aliposimulia safari yake na yeye akasimulia wiki yake. Bila ile sigara walikaa kama abiria wasiojuana. Jumapili kituo kilifungwa na mashine ikashika zamu. Jumatatu moshi ulikuwa umekwisha mwilini, na sauti ilipouliza habari za jana, Kalunde alijibu hapana, na ilikuwa kweli.

Kwenye chumba cha chai kulibandikwa karatasi ya watafiti kuhusu watu wanaovuta vyote viwili. Mara nyingi, ilisema, ni mtu aliyejaribu kuacha zaidi ya mara moja akashindwa. Mwenzi wake anavuta. Anafanya kazi mahali ambapo moshi hauruhusiwi. Anaamini mvuke ni dawa, kwa hiyo hajihesabu kuwa mvutaji. Ana msongo wa mawazo na hana wa kumwambia. Kalunde aliisoma karatasi ile kila siku akitafuna chapati, kama mtu anayetazama picha za harusi ya jirani, mpaka siku ile ya thelathini na nane alipojiona mwenyewe amesimama katikati ya picha.

Alijua hasa ile michezo miwili ni nini. Mvuke ni baridi, mtu huuvuta mrefu moja kwa moja. Moshi ni wa moto, huingia kidogo, hushikwa, hushushwa. Chujio la bomba lilizuia kila chembe, lakini halikuzuia hamu. Kila siku kabla ya saa nne kifua chake kilikuwa kikingoja, na kila Jumamosi alasiri kilikuwa tayari kimefika barazani. Pafu lilikuwa likimsikiliza wakati wote huo.

* * *

Jumatano asubuhi Chilongani alikuwa ameshika cheti cha kukomaa. Akikisaini, tangi linatiwa lakiri, na kesho yake pafu linakwenda chumba cha upasuaji. Kalunde hakuwa amelala. Alisimama mbele ya meza, mkono mmoja mfukoni.

"Chilongani, usisaini kwanza."

"Kuna nini?"

"Lile pafu linavuta kweli." Akaisogelea meza. "Mimi navuta. Vepu, chooni, kila siku saa nne. Na Jumamosi sigara, na mume wangu. Limejifunza kwangu."

Chilongani alimtazama. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa mtupu kabisa, na Kalunde akadhani mambo yamekwisha. Kisha mashavu yakaanza kumtetemeka.

"Weee!" alipiga kelele. "Mnyamwezi umenilipizia! Na uso mkavu hivyo umeutoa wapi?"

"Sitanii."

"Ndiyo hivyo hivyo, usicheke! Mwaka jana si ni wewe uliyemwambia daktari mkuu nimeuza pafu mnadani, nikaitwa ofisini natetemeka? Na siku ile ukaapa kwa jina la baba yako! Safari hii hunipati."

"Chilongani, nisikilize kama mtu."

"Nakusikiliza kama mtani, yatosha." Akasaini kwa mbwembwe, akipinda mkia wa jina lake hadi ukingoni mwa karatasi, akatia lakiri. Alikuwa na machozi ya kicheko. "Yaani jana nimekutania kuhusu sigara, leo unanirudishia. Nitaisimulia hii mpaka nazeeka."

Vepu ilikuwa mfukoni mwa Kalunde, ndani ya ngumi yake. Alihitaji kuitoa tu na kuiweka juu ya meza. Hakuna Mgogo duniani ambaye angeendelea kucheka. Alisimama pale akiishika, akaiona lakiri ikikauka. Akasikia nafuu. Alikuwa amesema, mwenzake hakuamini, basi si kosa lake. Nafuu ile ilimtisha kuliko woga wa jana, maana aliijua: ni ile ile aliyoipata kila Jumatatu pale mlangoni.

Akaondoka bila kuaga, akaelekea wodini.

* * *

Mlezi haruhusiwi kumjua mgonjwa mpaka siku za mwisho, anapopewa faili lake na ndugu wa mgonjwa wanapokuja kumshukuru. Nje ya wodi bibi mmoja mfupi alikuwa ameketi kwenye benchi na kanga mpya mapajani. Alimwona Kalunde na sare yake, akasimama mzima mzima.

"Ndiye wewe? Wa Bani Saba?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hapana, si mwanangu, mzazi mwenzangu. Mimi nilimzaa, wewe unamzaa tena." Akamfunga kanga kiunoni kwa mikono yake, kama afungwavyo mama aliyetoka kujifungua, kisha akamshika viganja akavipeleka usoni. "Mikono yako inanukia nanasi."

"Ni sabuni, mama," alisema Kalunde, na aibu ikamchoma hadi masikioni.

Ndani alikuwemo Nyamizi, miaka arobaini na mmoja, mwembamba kama nguo iliyotundikwa. Alipika shule ya bweni huko Sikonge miaka ishirini, kwa kuni, kabla majiko ya umeme hayajafika, katika jiko lisilo na dirisha. Hakuwahi kuvuta sigara. Alikuwa akisema maneno mawili matatu, anapumzika, anaendelea.

Kalunde alifunga mlango. Hakukaa. Alimwambia kila kitu, kuanzia kijiti cha nanasi hadi baraza la Jumamosi, hadi fundi cherehani wa Kaliua. Hakujitetea, angalau hilo aliliweza. Nyamizi alimsikiliza akiwa amefumba macho, bomba la oksijeni puani.

"Wakijua?" aliuliza.

"Watalitupa. Wataanza kuotesha jingine."

"Muda gani?"

"Miezi mitatu kuotesha. Siku arobaini kulea."

"Daktari... amenipa siku... tisa."

"Najua, dada."

Nyamizi alifumbua macho. Yalikuwa macho makali, ya mtu aliyezoea kugawa chakula kwa watoto mia nne na kujua nani amerudi mara ya pili.

"Sasa umekuja... kuniuliza nini?"

"Kama unalitaka."

Nyamizi alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja, na Kalunde akamshika mabega mpaka kilipopita. Alipoweza kusema tena alisema polepole, akihakikisha kila neno linafika.

"Umeniuliza... kwa sababu jibu... unalijua."

Kalunde aliyaachia mabega yake.

"Ulishindwa kuubeba mzigo wako... ukaona... niubebe mimi. Mwenye siku tisa."

"Nisamehe."

"Sina pumzi... ya kusamehe." Akajikusanya. "Lete hilo pafu. Wala usimwambie mama yangu. Usimwambie yeyote. Na wewe... utakaa hapa. Kwenye kiti hicho. Likianza kudai... litukute wote wawili."

Alipotoka, bibi alimkimbilia. "Amesemaje?"

"Ameniomba nikae naye."

Bibi akalia kwa furaha, akamwombea kwa Mungu na kwa wahenga wake wote. Kalunde alisimama ndani ya kanga mpya akizipokea dua zile moja moja, na kila moja ilimwuma.

Njiani kurudi alipita kwenye tanuru la taka za hospitali, akaitupa vepu. Ilikuwa saa nne kasoro dakika chache. Ilipofika saa nne alikuwa ameshikilia ukuta.

* * *

Upasuaji ulifanyika Alhamisi na ulikwenda vizuri. Chilongani alituma salamu, akasema chumba kizima cha mafundi kimekwisha kuusikia ule utani.

Jumamosi asubuhi Nyamizi aliamka kabisa. Midomo yake ilikuwa na rangi. Alipumua kwa kina, akashangaa, akapumua tena. Alisema sentensi nzima bila kukatika, ya kuomba maji, na mama yake akatoka nje kwenda kumshukuru Mungu kwa sauti. Kalunde alikuwa kwenye kiti kile tangu juzi. Siku tatu bila mvuke wala moshi. Kichwa kilimgonga, jasho lilimtoka, na alikuwa amemfokea muuguzi kwa ajili ya dirisha. Mihambo alikuwa anafika nyumbani mchana ule. Alimpelekea ujumbe kwamba hatakuwepo barazani, na Mihambo akajibu kwa neno moja: kwa nini. Hakumjibu bado.

Ilipogonga saa nne pumzi za Nyamizi zikawa fupi. Kisha kifua chake kikavuta pumzi moja ndefu, polepole, bila yeye kutaka. Macho yakamtoka.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Inakaa kwa muda gani?"

"Kama dakika kumi. Ukiivumilia inapita, halafu inarudi baadaye."

"Wewe umeivumilia mara ngapi?"

Kalunde alitamani kudanganya, na kwa mara ya kwanza hakupata swali la kumsaidia, kama lile la mlangoni.

"Kabla ya Jumatano, sijawahi hata mara moja."

Nyamizi akageuzia uso ukutani. Waliipitisha hivyo, kila mmoja ameuma meno, bila kushikana mikono. Ilipita. Mchana wakala uji, wakaongea kidogo kuhusu Sikonge na namna ya kupika maharage ya watu mia nne yasiungue. Kalunde akaanza kufikiri kwamba labda inawezekana. Fundi wa Kaliua alikuwa peke yake. Hakuwa na mtu wa kumwambia kile kitu kinaitwaje na kinakuja saa ngapi.

Ikafika saa tisa alasiri. Kalunde alikuwa akitazama jua dirishani, akimwona Mihambo kwa mawazo anavua viatu, anavuta kiti, anangoja. Alisikia kitandani pumzi fupi ikivutwa, ikisimama. Moja, mbili, tatu. Akageuka.

Mkono wa kulia wa Nyamizi ulikuwa umepanda. Vidole viwili vilikuwa vimenyooka pamoja, vimegusa midomo, na katikati yake hakukuwa na kitu. Mwanamke yule hakuwahi kushika sigara maishani, na alikuwa ameshika mahali pake sawasawa, kama aliyezaliwa nayo. Alikuwa akivitazama vidole vile kwa hofu, kama vya mtu mwingine.

Kalunde akanyoosha mkono auteremshe ule mkono. Mkono wake haukuja. Alipoutafuta aliukuta umekwisha fika kinywani, vidole viwili, vimenyooka.

Mlango ukafunguliwa. Bibi aliingia na chupa ya uji, akawaona, akasimama. Halafu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mwanawe alazwe, kicheko cha kweli kilichomtikisa mabega.

"Loo, watazameni! Hata mikono wanainua pamoja. Si nilisema huyu ni mzazi mwenzangu?"

Nyamizi alikuwa akimkodolea Kalunde macho, akingoja kuona nani kati yao atashusha mkono kwanza.